Tathmini ya Bima ya Afya kwa Wahadhiri Wastaafu Nchini Marekani
Bima ambayo baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani huwapa wahadhiri wastaafu inafaa zaidi kama nyongeza ya Medicare, bima ya serikali hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi, ambayo hulipa kwanza, kwa kawaida asilimia 80 ya gharama za daktari baada ya mgonjwa kutoa kiasi chake cha awali, kisha bima ya chuo hufuata. Hapo ndipo thamani yake ilipo. Kasoro kubwa, ambayo ingestahili kuandikwa kwa herufi zinazosomeka na wazee, ni kwamba bima hiyo ya chuo haihesabiwi kuwa bima ya ajira, yaani haimruhusu mstaafu kuchelewa kujiunga na Medicare bila adhabu. Anayestaafu baada ya kutimiza miaka 65 ana miezi 8 tu ya kujiandikisha katika Sehemu B ya Medicare, inayolipia gharama za daktari, na akichelewa ada yake huongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili.