Lanolini ya kupuliza chini ya deki ya moa ya kukalia: uzoefu wangu Nairobi

Kwa moa ya kukalia inayokata nyasi Karen, Runda au Lang'ata, kinga ya kutu kwenye deki (sanduku la chuma linalofunika visu) niliyoridhika nayo kuliko zote ni lanolini ya kopo la kupuliza. Lanolini ni nta inayotolewa kwenye sufu ya kondoo. Haikauki ikawa ganda kama rangi. Hubaki utando laini unaonata, na ukikwaruzwa kidogo hutambaa ukajiziba. Lakini ukiipulizia juu ya nyasi zilizogandamana, umemwaga pesa.

Nyasi za Kikuyu zina maji mengi. Zikikatwa zikiwa na umande wakati wa mvua za Machi hadi Mei, utomvu wake hushikana na udongo mwekundu na kutengeneza tabaka gumu chini ya deki. Tabaka hilo hutunza unyevu hata mashine ikiwa chini ya paa, na chembe za mbolea kama CAN zikinaswa humo, kutu huenda mbio. Isitoshe, upepo wa visu unakosa nafasi: nyasi hazinyanyuki vizuri na hutoka kwa mabonge. Kutu haianzii sehemu pana iliyo wazi. Huanzia kwenye mishono ya weldi na pembezoni mwa nyumba za beringi (vikombe vinavyoshika beringi za visu), mahali ambapo brashi haifiki. Gonga pale kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti iliyokufa.

Kabla ya kugusa visu, toa waya wa plagi ya injini na ufungue waya hasi wa betri. Kisha shusha deki hadi chini, toa mkanda kwenye puli ya injini, chomoa pini za mikono inayoibeba na uivute kwa upande. Kuingia chini ya moa iliyonyanyuliwa kwa jeki peke yake ni kucheza na maisha.

Geuza deki juu ya mbao mbili, ifunike kwa gunia lililoloweshwa, uiache nusu saa. Tabaka likilainika, kwangua kwa kipande cha mbao ngumu au skrepa ya plastiki. Brashi ya waya na msasa namba 80 ni vya penye kutu tu. Rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri usiiguse, kwa sababu hakuna utakachopaka kitakachoshika kuliko hiyo. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: wanapitisha grainda deki nzima hadi ing'ae, kisha kutu inarudi kila mahali.

Osha kwa sabuni na maji ya kawaida. Mashine ya kuosha magari kwa presha isielekezwe kwenye beringi. Maji hupenya sili, yanasukuma grisi nje, na baadaye utasikia visu vinaunguruma. Anika juani hadi mishono yenyewe ikauke. Julai, jua likiwa haba, ipe siku nzima au upulize hewa ya kompresa.

Sasa lanolini. Siku ya baridi, weka kopo kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu (yasiwe moto) ili itoke laini. Anza na mishono, halafu kuta za pembeni, mwisho sehemu pana. Mkono mwepesi mara mbili ni bora kuliko mkono mmoja mzito unaochuruzika. Deki ya inchi 42 inakula takriban theluthi ya kopo la mililita 400. Funika mkanda na puli kwa gazeti: mkanda ukipata mafuta utateleza, na lanolini huweza kuvimbisha baadhi ya mipira. Iache usiku kucha kabla ya kukata.

Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa. Karibu na ncha za visu na kwenye mdomo wa kutolea nyasi, mchanga na vumbi la Januari na Februari huisugua hadi ikaisha. Kwa hiyo mimi huirudia kabla ya mvua ndefu na tena kabla ya zile za Oktoba, na sehemu hizo mbili huziongezea katikati ya msimu. Nyasi bado zitashika kidogo, ila hubanduka kwa mkono.

Rangi ya grafaiti inafaa zaidi deki mpya au iliyopakwa redoksaidi (rangi ya msingi ya kuzuia kutu) upya. Ni kavu, inateleza sana, haichafui mikono. Juu ya chuma chenye mashimo ya kutu siipendekezi, kwa kuwa hubanduka vipande na maji yakajificha nyuma yake. Oili chafu ya injini, ambayo wengi hupaka kwa sababu ni ya bure, hudondoka na kuunguza nyasi, na vumbi huikamata mara moja.

Deki ikishatoboka, hakuna dawa ya kopo. Fundi wa jua kali anaweza kuweka kiraka cha bati la milimita 3, mradi tundu liwe mbali na nyumba ya beringi. Likiwa karibu nayo, joto la weldi hupinda kikalio chake, visu vikakaa upande, na bustani ikatoka na ngazi. Hapo nunua deki nyingine.