Gereji imeniharibia paa la kaboni faiba, nina hasira

Jamani wenye gari za paa la kaboni hapa Kampala, kabla hujampa mtu ufunguo muulize kwanza kama anaijua kaboni. Yangu ni BMW M4, ile ambayo juu unaona nyuzi zilivyosukwa, na kwa kuendesha sina neno, uzito umepungua juu kwa hiyo kona za barabara ya Entebbe inazichukua imetulia kabisa, raha tupu. Sasa kwenye hizi mvua tawi la mwembe likachubua klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi inayong'aa na kulinda nyuzi. Klia tu, nyuzi hazikuguswa, kazi yake ni msasa laini na maji, klia mpya, polishi, basi.

Nikapeleka gereji moja inayojisifu kwa magari ya kifahari. Namweleza supavaiza hili paa si bati, msiliguse na mashine, hata usoni haniangalii, ananijibu, "Nnyabo, mwambie mume wako apige simu, mambo ya bodi tutaongea naye." Gari ni yangu! Nimeinunua kwa jasho langu, logibuku ina jina langu!

Jioni narudi nakuta vijana wameshapitisha grainda, maski hawana na lile vumbi si la kuvuta kifuani, klia imeisha yote, nyuzi zimekatika zimesimama kama manyoya, na juu yake wamepaka filla ya kijivu, ile ya kujazia bati lililobonyea. Filla! Kaboni hainyooshwi kwa nyundo, nguvu yake ni hizo nyuzi ndefu zilizoshikwa na resini, yaani gundi iliyokauka ikawa ngumu, ukishazikata filla haizirudishi. Supavaiza anasema watapuliza rangi nyeusi, hakuna atakayejua, halafu eti nilipe yote ndio nichukue ufunguo.

Hapo nikaichukia hata kaboni yenyewe. McLaren waliijengea gari la Formula One mwaka 1981, sawa, wale wana mafundi wao. Lakini BMW i3 ya 2013 sehemu yote wanapokaa abiria ni kaboni, BMW 7 Series ya 2015 wameichanganya na chuma na alumini, na magari kama hayo mwisho wake yanatufikia sisi yakiwa yametumika, nani atayatengeneza? Nikaapa ijayo nanunua bati tupu.

Ila hapana, siwezi kuilaumu kaboni. Fundi mmoja wa faibaglasi kule Ndeeba amekuja akagongagonga paa lote na sarafu, anasikiliza wapi mlio unafifia maana hapo tabaka zimeachana, akaniambia, "Dada, ndani bado ni zima, ila huu msuko hauwezi kurudi ulivyokuwa." Alinieleza mimi, kwa heshima. Kaboni naipa nyota nne, au tatu mpaka tupate mafundi kama huyu wengi. Gereji ile haipati hata moja, na paa jipya bado nawadai.