FreeCAD 1.0 kwa mafundi mageti wa Mbeya: matao safi, pembe za kuchunga

Karakana ya Mwanjelwa au Soweto inayochora kichwa cha geti sakafuni kwa kamba na chaki ina sababu nzuri ya kuweka FreeCAD 1.0, programu ya kompyuta ya kuchora michoro ya ufundi, iliyotoka Novemba 2024. Ni ya bure, na ikishasakinishwa haili bando. Utamu wake kwenye matao uko kwenye makro, yaani orodha ya amri inayojirudia: unaandika mistari michache ya lugha ya Python mara moja, geti linalofuata unabadili upana na kimo tu.

Tuseme geti lina upana wa mm 3,000 na tao linapanda mm 450 katikati. Tumia nukta tatu:

import FreeCAD as App, Part
V = App.Vector
t = Part.Arc(V(0,0,0), V(1500,450,0), V(3000,0,0)).toShape()
Part.show(t)
print(t.Length)

Urefu unaotoka ni 3176.9. Hakiki kwa kalamu: upana mara upana, gawa kwa mara nane ya kimo, ongeza nusu ya kimo. Hapo ni 2,500 + 225, yaani nusu kipenyo cha mm 2,725. Kimo kikiwa sifuri nukta zinalala mstari mmoja na programu inakataa, jambo ambalo ni jema.

Kero kubwa iko kwenye njia nyingine ya kuchora tao, ya kutaja kitovu na pembe. Amri ya Part.makeCircle inasoma nyuzi, ya Part.ArcOfCircle inasoma radiani (kipimo kingine cha pembe; radiani moja ni kama nyuzi 57.3). Tao letu linaanzia nyuzi 56.6 hadi 123.4, kitovu kikiwa (1500, -2275). Ukiipa ArcOfCircle namba hizo hizo, tao linaangukia mahali pengine kabisa. Mpangilio nao una uzito, kwa sababu matao huzunguka kinyume cha mwendo wa saa: ukitanguliza 123.4 kwenye makeCircle unapata tao la chini, la nyuzi 293.2. Kwa mageti, baki na nukta tatu.

Kingine ambacho programu haitakuambia: 3176.9 ni ukingo wa nje. Kwa bomba la mraba la mm 40, mstari wa katikati una nusu kipenyo cha mm 2,705 na urefu wa mm 3,153.6. Tofauti ya mm 23 inatosha kulifanya tao ligome kukaa kwenye nguzo zake. Tena bomba hurudi kidogo likitoka kwenye rola (mashine ya kukunja), kwa hiyo chapisha mchoro wa tao kwa ukubwa halisi, ulipime bomba juu yake kabla ya kuchomelea.