Banda la gemu Mwanjelwa: PS4 nendeni, PS5 hela bakini nayo kwanza

Naanza na jibu kabisa maana najua wengi mnataka kujua tu muende au msiende. Nendeni. Ila nendeni kwenye zile PS4 (PlayStation, mashine ya gemu ya Sony), ile PS5 mpya ambayo jamaa mwenye banda anaisifia kwa kila anayeingia mkaiangalie tu, na sababu nitazieleza maana sio kosa lake, au niseme sio kosa lake lote.

Banda halina kibao. Ukishuka Kabwe, Mbeya, muulize bodaboda yeyote wanapocheza gemu nyuma ya mitumba, atakuonyesha kwa mdomo hata mkono hanyanyui. Ndani PS4 zimepangwa ukutani na PS5 iko kona peke yake nyuma ya wavu wa chuma. Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni pedi, aisee pedi zote zinashika, hakuna ile analogi, kijiti cha kumuongoza mchezaji, imelegea mchezaji anakimbilia kona mwenyewe hujamgusa. Ukilalamika jamaa anakubadilishia bila kununa. Mechi jero, anayefungwa anatoka, ukitaka saa nzima mnaelewana, na umeme ukikata ana betri na inveta inayosukuma tv mbili kwaiyo mechi yenu mnaimaliza. Juni na Julai ndo utalipenda zaidi, mlango unafungwa nusu na watu wamejaa mpaka unavua koti. Ubaya wake ni choo, hakuna, na wale madogo wanaosimama nyuma yako wanakwambia piga, piga, pasi hiyo, utafikiri jero wametoa wao.

Sasa PS5. Hiyo mechi ni buku na picha ni kali kweli sibishi, nyasi unaziona, jasho unaliona. Ila ni ile Digital Edition, haina sehemu ya kuingiza CD. Nilivyokaa nayo ilikuwa na FC 26, lile gemu la mpira, na vigemu viwili vitatu tu vya bure. Nikamuuliza jamaa mbona gemu chache hivi, akacheka, "Kaka we acha tu."

Mnajua biashara ya banda inavyoenda. CD moja ya PS4 ananunua yeye, ikichosha wateja wake anaiweka kwenye basi inaenda kwa mwenzake Makambako, ya Makambako inapanda inakuja huku, mwingine yuko Tunduma, yani CD moja inalisha mabanda matatu na haijalala hata wiki kabatini. Ikichakaa sana anaiuza kwa bei ya chai. Kwenye PS5 isiyo na CD huo mzunguko wote umekufa, gemu imefungwa kwenye akaunti na akaunti haipandi basi. Halafu Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, duka la mtandaoni la PlayStation, kwa huku kwetu utaikuta Afrika Kusini, kwaiyo wenye PS wanafungua akaunti ya Marekani au ya Afrika Kusini, wanatafuta gifti kadi mtaani kwa bei ya mtaani, halafu ndo uanze kushusha gemu la GB mia kwa bando la simu. Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 kwenye kompyuta ilipita GB 200 jamani. Hiyo bei ya bando piga mwenyewe, mi nimeacha.

Na hapa ndo naposema sio kosa lake. Hii ndo njia ambayo kampuni zote zinaielekea na wala hawajifichi. CD ikizunguka mabanda matatu aliyetengeneza gemu analipwa mara moja tu, ikiuzwa tena mtaani hapati hata mia. Mwaka 2013 Microsoft walitaka kuibana hii na mashine yao ya Xbox One, ilikuwa lazima iguse intaneti kila saa 24 na gemu iliyotumika wakaiwekea masharti, watu wakawaka, mwezi Juni mwaka huohuo wakarudi nyuma kabla hata mashine haijatoka. Sony wakati ule wakawacheka, wakatoa kivideo kifupi kinaonyesha jinsi ya kumuazima mwenzio gemu ya PS4, mmoja anampa mwenzie CD, asante, basi imeisha. Tulishangilia wengi. Sasa hesabu mwenyewe, 2020 haohao Sony wakatoa PS5 isiyo na CD pembeni ya ile yenye CD, 2024 wakatoa PS5 Pro kwa dola 700 na sehemu ya CD haimo ndani, unainunua kando. Nintendo nao mashine yao ya Switch 2 imekuja Juni 2025, kuna kadi zake nyingine ukichomeka ndani hamna gemu, kuna ufunguo tu, gemu unaenda kulishusha mwenyewe. Yani wamekuachia plastiki ushike mkononi usijisikie vibaya.

Watu wanasema aah ni mambo ya teknolojia tu, hata miziki tuliacha kununua CD. Sawa. Ila gemu ukiinunua kwa akaunti umepanga chumba, hujajenga, na mwenye nyumba akiamua kubomoa unakuta vyombo vyako nje. Kampuni ya Ubisoft 31 Machi 2024 walizima sava (kompyuta zao zinazoendesha gemu mtandaoni) za The Crew, gemu lao la magari, na hata waliokuwa na CD yake halali mkononi ikawa haichezeki kabisa maana lilikuwa halitembei bila sava. Kule mbele hasira ikawa kubwa, jamaa anaitwa Ross Scott akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, yani acheni kuua gemu, na saini za Ulaya zikapita milioni moja 2025. California nayo wakatunga sheria kwamba duka la mtandaoni likuambie wazi unachonunua ni ruhusa ya kutumia, sio mali yako. Huku kwetu hakuna aliyesaini kitu, sisi tuko bize kupanga foleni ya jero.

Kuna wanaosema mashine yenyewe itakufa, kila kitu kitakuwa cha kulipia mwezi au gemu itachezwa kutoka mbali kupitia intaneti. Google walijaribu na Stadia Novemba 2019, Januari 2023 wakafunga wakarudisha watu hela. Game Pass ya Microsoft ilianza 2017 ikiwa rahisi kila mtu anaisifia, Oktoba 2025 ile ya juu ilifika dola 30 kwa mwezi kule Marekani, kwa hela yetu elfu sabini na kitu. Kila mwezi. Kwa mtu mmoja aliyekaa peke yake sebuleni na kadi yake ya benki. Huyo ndo mteja wao, na mi sio kwamba nawalaumu, ila banda lenye watu thelathini kwenye tv sita halipo kwenye picha yao hata kidogo. EA, wenye hiyo FC, sikuhizi hela yao nzuri iko kwenye Ultimate Team, zile pakiti unafungua kutafuta mchezaji, pakiti ambazo Ubelgiji waliziona ni kamari 2018. Pale Mwanjelwa hakuna anayefungua pakiti, ni Real na City, City na Real, mpaka usiku.

Sema kuna kona moja ya banda ambayo hiyo dunia mpya imeshafika na inalipa, na ndo ilinishangaza. Pale mlangoni jamaa ana meza ndogo, anawauzia madogo almasi za Free Fire, hela ya ndani ya hilo gemu la simu. Dogo anakuja na namba yake ya akaunti na buku zake mbili, jamaa anabonyeza simu, almasi zinaingia, dogo anakaa kizingitini anacheza kwenye simu yake yenye kioo kimepasuka. Wateja wa hivyo hawakatiki. Jamaa anasema ile meza kwa siku inamuingizia kuliko PS5 na haijala umeme wala nafasi. Ukisikia dunia nzima simu inachukua karibu nusu ya hela yote ya gemu, nenda kaangalie ile meza utaelewa inavyokuwa.

Ila mi siamini kabisa kwamba kucheza watu wawili bega kwa bega kumeisha. It Takes Two, gemu ambalo huwezi kulicheza peke yako hata ukitaka, ndo lilichukua gemu bora la mwaka kwenye The Game Awards 2021, likawapita wote waliokuwa wanauza pakiti na mavazi. Jamaa analo kwenye PS4 moja, CD, na jioni niliyokaa kuna dada wawili walilikodi wakawa wanagombana nani kamuangusha nani mpaka waliokuwa kwenye FC wakageuza shingo. Watengenezaji walewale wakatoa Split Fiction 2025, nalo limeuza sana, tatizo hilo kwenye PS4 halipo.

Na GTA VI nalo halipo kwenye PS4, ndo sababu hasa jamaa alijitosa kununua hiyo PS5. GTA V ya 2013 mpaka leo inamlipa, dogo anakodi nusu saa, misheni hafanyi, anaiba gari anazunguka mji anagonga watu mpaka muda unaisha anaondoka kafurahi. Wateja wanaulizia VI kila siku. Rockstar, watengenezaji wake, walisema 2025, wakasogeza Mei 2026, wakasogeza tena 19 Novemba 2026, na wametaja PS5 na Xbox Series tu.

Kwaiyo nilimwambia jamaa, na mwenye banda yeyote Iringa au Njombe anayesoma hapa namwambia vilevile: kabla ya kununua angalia kama ina sehemu ya CD. Ukiwa umeshanunua Digital, ile nyembamba iliyotoka 2023 inakubali kubandikwa kisomeo cha CD pembeni, Marekani kinauzwa dola 80, ukikifunga mara ya kwanza kinataka intaneti kidogo kujisajili halafu basi. Ile ya mwanzo ya 2020 haikubali, usitapeliwe. Yake ni nyembamba, nimeiangalia. Anasema ameshaagiza Kariakoo na akikipata mechi ya PS5 atashusha iwe mia saba. Ikifika hapo nitaipima upya.

Kwa sasa PS4 nyota nne, PS5 mbili, choo sifuri. Jumapili baada ya saa saba wanafunzi wa chuo wanajaa, nenda asubuhi wakati watu wako kanisani.