Duka la Wandegeya lililonipa mashine ya kulalia kabla sijastaafu: nyota 4

Mimi natoka kazini mwezi wa sita, nafika miaka 60, na kitu kimenisumbua kichwa kuliko hata mambo ya pensheni ni hii mashine ya CPAP. Kwa wasioijua ni ile inayosukuma hewa puani usiku kucha ili koo lisijifunge, maana sisi wenye huu ugonjwa unakoroma, pumzi inakata, unashtuka, unakoroma tena, asubuhi unaamka umechoka kama umepakua lori la simenti peke yako. Mimi niliujua nikiwa bado dereva, natoka Mombasa na mzigo, nikasinzia pale Mabira mchana kweupe, tanboi ndio akashika usukani. Baada ya hapo nikaletwa ofisini.

Ile ya zamani nimelala nayo miaka 11. Siku hizi inanguruma kama kinu cha mahindi, tenki la maji ya kuipa hewa unyevu lilipasuka nikaliziba na gluu (najua, najua), na mama watoto alishasema afadhali nikorome tu. Sasa bima yangu inalipwa na kampuni na siku nikirudisha funguo za ofisi nayo imekwisha, nikasema ngoja nibadilishe mapema.

Hao wa bima sitawataja lakini walinizungusha wiki 7, mara leta barua ya daktari, nikaleta, mara kipimo chako cha usingizi ni cha zamani karudie, nikarudia, nikalala na mkanda kifuani na kitu kinabana kidole, majibu yakatoka yaleyale. Mwisho wakakubali nusu. Mashine na maski yake ni milioni 4 na laki 2, kwa hiyo yangu ilitoka milioni 2 na laki 1.

Duka la kwanza nililoingia huko mjini wakanionyesha Philips ya mtumba, imepanguswa inang'aa, bei rahisi sana. Lakini mimi nakumbuka 2021 Philips wenyewe walitangaza mashine zao nyingi zirudishwe kwa sababu sponji ya ndani ya kuzuia kelele inaweza kumomonyoka halafu wewe unavuta vile vipande, basi nikaomba namba ya siriali tuangalie kama hii imo. Kijana ananiambia mzee hiyo haina shida kabisa. Nageuza chini, stika imebanduliwa. Nikamwambia asante nikashuka ngazi.

Hili la Wandegeya sasa ni kaduka kadogo tu ghorofa ya pili. Dada niliyemkuta hakuanza na bei, alianza na "mzee, ukistaafu utabaki Kampala ama utarudi nyumbani?" Nikamwambia Tororo, ndani ndani huko. "Na stima ya huko?" Nikacheka, naye akacheka, akaenda nyuma akaleta mashine ya ResMed AirSense 10 pamoja na betri ya gari, akaiweka kwenye kaunta. Akanieleza hii inakula volti 24 na betri ni 12, kwa hiyo nisihangaike na inveta inayomaliza chaji bure, ninunue kale kakifaa ka kupandisha volti kutoka 12 hadi 24. Halafu akaniambia kinachonyonya betri sana sio feni, ni kile cha kupasha maji moto, usiku stima ikienda zima maji lala na hewa kavu. Miaka 11 hakuna mtu amewahi kuniambia hilo!

Akasoma barua ya daktari, akaseti presha 11 kama ilivyoandikwa, akanilaza kwenye benchi na maski dakika 20 hivi, wateja wanaingia wananikuta nimelala pale kama maiti. Maski ya kwanza ilivujisha hewa mpaka jichoni, akabadilisha saizi bila kununa. Akaniuliza pia kama nina kifaa cha moyo kifuani, maana vibanio vya hiyo maski vina sumaku. Sina, lakini nilipenda aliuliza.

Wikendi iliyopita nilienda nayo kijijini kuijaribu. Betri ya sola ya 100Ah, maji nimezima, nikalala Ijumaa na Jumamosi bila kuchaji katikati na Jumapili asubuhi ilikuwa bado inapuliza. Pua ilikauka, ndiyo, lakini nimelala. Na kelele hakuna, mama watoto aliamka mara mbili kunigusa aone kama nipo. Kwa wenye kutumia maji, mimi ya tenki nanunua yale yaliyosafishwa ya kuongeza kwenye betri, pale petroli steshoni, lakini soma chupa mwenyewe, usimwachie kijana wa pampu, kuna siku mmoja alinipa asidi.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu warantii wameandika kwa mkono kwenye risiti, mwaka 1, muhuri hausomeki, na pakingi hakuna, nililipa boda kushikilia boksi. Na filta za akiba niliambiwa zinakuja Ijumaa. Ijumaa tatu zimepita, kila nikipiga simu naambiwa ziko Entebbe.