Kisima kirefu cha nyumbani Bombo: tathmini ya kampuni iliyotuchimbia

Nyumba ya mama yangu ipo Bombo, wilaya ya Luweero nchini Uganda, upande ambao mabomba ya maji ya mji hayajafika. Kwa miaka mingi tulitegemea tangi la maji ya mvua na nayikondo ya mtaa, yaani kisima cha pampu ya mkono, ambayo Januari na Februari hupangiwa foleni ya madumu tangu kabla ya adhana ya alfajiri. Mwaka jana tuliamua kuchimba kisima kirefu chetu wenyewe. Kampuni tuliyoiajiri sitaitaja jina, kwa kuwa baadhi ya makosa yake imekwisha kuyarekebisha. Kazi yake ninaisifu kwa sehemu kubwa na kuikosoa kwa sehemu iliyobaki. Wanaoniuliza habari zake huuliza jambo moja tu, kama maji yalitoka. Swali hilo halitoshi kumpima mchimbaji, maana kazi inayomtofautisha hodari na mbabaishaji hufanyika kabla ya nyundo kugusa ardhi na baada ya maji kuruka juu.

Sehemu kubwa ya Uganda imekaa juu ya miamba migumu ya enzi ya Prekambria, hasa naisi na itale, iliyoundwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mwamba huo ukiwa mzima haupitishi maji. Maji hukaa mahali pawili: katika tabaka la juu, ambalo mvua na joto vimelioza kwa muda mrefu mno likawa udongo wa mfinyanzi na changarawe, na katika mipasuko iliyomo ndani ya mwamba mzima ulio chini yake. Unene wa tabaka lililooza hubadilika kwa hatua chache tu, na mipasuko haifuati mipaka ya viwanja vyetu, ndiyo maana jirani wawili wanaopakana uzio wanaweza kuchimba siku moja, mmoja akapata maji na mwingine akapata vumbi. Mtu wa Mbale, ambako kuna miamba ya volkano ya Elgon, au wa bonde la ufa karibu na Katwe, ambako chumvi ni tatizo la kweli, asichukue vipimo vyangu kama mwongozo wake.

Kwa hiyo alama ya kwanza ninayoipa kampuni hii ni ya upimaji. Alikuja mtaalamu mmoja na vijana wawili, wakachomeka vijiti vya chuma ardhini, wakapitisha umeme na kusoma jinsi ardhi inavyouzuia: mwamba mkavu huuzuia sana, tabaka lililooza na lenye unyevu huuzuia kidogo. Walipiga mistari miwili kuvuka kiwanja, kisha wakapima kwenda chini katika sehemu tatu. Mama alitaka kisima kiwe karibu na jiko, na mtaalamu hakumbishia kwa ukali. Alimwonyesha mchoro, akamwambia, "Hajati, hapa jikoni mwamba upo karibu mno. Kule kwenye miembe umeoza mpaka chini, na tena tunajitenga na choo cha jirani." Umbali wa mita 30 kutoka choo ndio unaoelekezwa kwa kawaida, naye aliupima kwa utepe badala ya kuukadiria kwa macho. Kazi hiyo ilichukua siku nzima. Kampuni nyingine iliyotupa bei ya chini ilikuwa tayari kuanza kuchimba bila kupima chochote.

Uchimbaji wenyewe ulikwisha kwa siku mbili, na sina malalamiko juu yake. Mtambo hupiga mwamba kwa nyundo inayosukumwa na hewa ya kompresa, na hewa hiyo hiyo hupandisha vipande vya mwamba juu. Kila mita moja kijana alikinga vipande hivyo kwa koleo na kuvipanga kwa safu juu ya turubai, hata jioni ardhi ya kiwanja chetu ilikuwa imelala mbele yetu kama kitabu kilichofunuliwa: moramu nyekundu kwa mita 2, udongo wa mfinyanzi wa kahawia unaogeuka mweupe mpaka mita 11, kisha changarawe ya mwamba uliooza yenye chembe zinazometameta mpaka mita 29, na baada yake naisi ya kijivu yenye mistari myeusi. Kwenye mita 31 vipande vilianza kutoka na unyevu na kutu ya rangi ya chungwa, dalili kwamba maji yamepita katika mpasuko huo kwa muda mrefu. Mpasuko wa pili ulipatikana kwenye mita 57, na walisimama kwenye mita 74. Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 24, yaani takriban lita 3,000 kwa saa, na majirani waliokuwa wamesimama getini walipiga takbira.

Hapo ndipo wateja wengi hulipa na kuagana, na hapo ndipo ninapotaka msomaji awe macho zaidi. Kampuni ilishusha mabomba ya plastiki ya kukinga kuta, yale yenye matundu yakielekea mahali pa maji, ikamwaga kokoto laini pembeni, na juu yake ikaziba kwa udongo maalumu na saruji ili maji machafu ya juu yasishuke kandokando ya bomba. Ikasafisha kisima kwa hewa mpaka maji yakawa meupe. Yote hayo ni mazuri. Ila ilipofika zamu ya kupima kisima kwa pampu, msimamizi alitaka kupampu kwa muda wa saa tatu tu, akisema kwamba maji yanaonekana wazi kuwa mengi. Saa tatu zinaweza kutosha kwa pampu ya mkono, lakini sisi tulikuwa tunaweka pampu ya umeme wa jua, na mkataba ulisema saa 24. Ilinibidi nikatae kutia saini.

Matokeo yalitupa haki. Walipampu lita 2,500 kwa saa. Maji, ambayo yalikuwa yametulia kwenye mita 13, yalishuka mpaka mita 22 katika saa tatu za kwanza na kuonekana kama yamekaa. Yaliendelea kushuka polepole, na usiku, kwenye saa ya kumi ya kupampu, yalipita ule mpasuko wa mita 31, yakaporomoka mpaka mita 44 kwa muda mfupi, kwa sababu mpasuko wa juu ulikuwa umemwaga ulichokuwa nacho. Nilikuwa nimeshika tochi huku kijana akishusha kipimo, na kila alipotaja namba mpya sauti yake ilipungua. Kutokana na usiku ule walituandikia kiwango cha lita 1,500 kwa saa, madumu 75 ya lita 20, na pampu ikawekwa kwenye mita 52. Kama tungenunua pampu kwa kuitazama ile ndoo, ingekuwa inabaki kavu na kuungua ndani ya kiangazi kimoja.

Kosa kubwa lilikuwa mabomba ya kupandishia maji. Tulikubaliana plastiki, yakaletwa ya chuma kilichopakwa zinki. Maji yetu yana uchachu kidogo, pH 6.1 kwa kipimo cha maabara, na maji ya namna hiyo hula chuma cha aina hiyo, yakawa mekundu, yakatia doa nguo na kuharibu ladha ya chai. Nayikondo nyingi nchini zimeachwa kwa sababu hii huku watu wakidhani ardhi ndiyo mbaya. Mabomba yalibadilishwa baada ya wiki sita na barua mbili.

Jambo la mwisho ni karatasi. Mchimbaji anatakiwa awe na kibali cha Kurugenzi ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, na mwenye kisima cha pampu ya mashine naye huomba kibali cha kuchota maji, kwa mujibu wa Kanuni za Rasilimali za Maji za 1998. Kibali chao nilionyeshwa siku ya kwanza bila kuombaomba. Ripoti ya kukamilisha kisima, yenye tabaka za ardhi, kina cha mabomba na matokeo ya kupampu, niliisubiri miezi mitano, na bila ripoti hiyo fundi yeyote atakayekuja kutengeneza atakuwa anafanya kazi gizani.

Upimaji, uchimbaji na majaribio vilitugharimu shilingi milioni 26, na pampu pamoja na paneli milioni 14. Kwa upimaji na uchimbaji ningewaita tena kesho. Pampu na mabomba ningenunua kwingine, na ningebakiza sehemu ya malipo mpaka ripoti iwe mkononi. Sakafu ya saruji kuzunguka kisima waliiacha bila mteremko, maji yakawa yanatuama pale, na tumekwisha kumwita fundi wa hapa Bombo aivunje na kuimwaga upya.