Dar–Moro kwa SGR, kwenda na kurudi siku moja

Jumamosi nilikwenda Moro (Morogoro) kwa SGR, treni ya umeme. Daraja la kawaida, 13,000 kwenda, 13,000 kurudi. Kwa basi ningeanza kwa kupambana na foleni mpaka stendi ya Mbezi. Hapa nimepandia Stesheni, na chai niliyofunga nyumbani haijapoa naona milima ya Uluguru dirishani. Mama jirani yangu kaanza kulala Pugu, kaamka tumefika, akauliza, "Mbona tumesimama?"

Hela inaliwa ukishuka. Kituo kiko mbali na mjini, bajaji akanitajia elfu kumi, tukavutana hadi sita. Sokoni kwa Chifu Kingalu nikajaza kikapu ndizi na karoti, nikawahi treni ya jioni. Kata tiketi mapema, na kitambulisho usisahau.